Rali ya kwanza na gari la kujiundia: anza na spoki, injini itasubiri

Ilikuwa kilomita ya 38. Kona ya kulia, si kali hata kidogo, na gurudumu la mbele kushoto likaanza kulia: tik, tik-tik, tik. Mdogo wangu, aliyekuwa msoma njia, akanigonga goti. "Kaka, simama." Tukakuta spoki saba zimelegea na mbili zimekatika shingoni, pale zinapopinda kuingia kwenye habu, kile kitovu cha gurudumu.

Gari tulikuwa tumelijenga wenyewe kwa miezi kumi na minne. Umbo la miaka ya 1920, mkia uliochongoka kama mtumbwi, mkanda wa ngozi juu ya boneti, injini ya Honda GX200 ya cc 196, ileile inayoendesha pampu za maji. Asubuhi kila mtu alilipiga picha. Uzuri wa mkakasi.

Ndiyo maana mtu akiniuliza ajiandaeje kwa rali ya magari haya, injini huwa siitaji. Injini hizo zimeundwa kufanya kazi kutwa nzima. Kinacholiua gari ni vile tulivyoviunganisha wenyewe.

Wengi wetu tunatumia magurudumu ya pikipiki ya inchi 17, kwa sababu ni membamba, mepesi na yana sura ya zamani. Ila pikipiki hulala kwenye kona, kwa hiyo mzigo unabaki kwenye mstari wa gurudumu lenyewe. Gari la magurudumu manne halilali. Kona inalisukuma gurudumu ubavuni, na habu nyembamba ya pikipiki inazipa spoki mteremko mdogo mno wa kupinga msukumo huo. Wajenzi wa zamani walilijua hilo vizuri. Kulikuwa na magurudumu ya Rudge-Whitworth, kampuni ya Uingereza, yenye safu tatu za spoki. Tena ekseli ya pikipiki hushikwa na uma pande zote mbili, wakati yetu inaning'inia upande mmoja. Ukiiacha ileile nyembamba, itapinda.

Basi weka spoki nene na ekseli nene, kisha jifunze kusikiliza. Gonga kila spoki kwa spana ndogo. Iliyokaza inalia ting, iliyolegea inatoa sauti butu kama kijiko kwenye mbao. Gonga baada ya kilomita 10 za kwanza, rudia baada ya 50, maana spoki mpya hujikalisha zikishaonja mzigo. Mimi nilizigonga mara moja tu, gari likiwa juu ya stendi, nikajipiga kifua.

Injini ya silinda moja inatetemesha kila kitu. Kwenye usukani na breki tumia nati zenye plastiki ndani, au boliti yenye tundu la pini. Halafu chora mstari mwembamba wa rangi kuanzia kwenye nati hadi kwenye chuma kilicho chini yake. Mstari ukivunjika, nati imezunguka. Kwenye kituo utatembeza macho tu, huna haja ya kushika spana.

Boneti nzuri iliyozibwa pande zote ni tanuri. GX200 hupozwa na feni iliyo kwenye gurudumu zito linalozunguka na injini yenyewe, na feni hiyo ikivuta hewa moto iliyokwisha kupita kwenye injini, haisaidii kitu. Iachie njia ya kuvuta hewa baridi, na hewa moto ipate pa kutokea.

Majaribio yawe ya kilomita 100 angalau, ukiwa na mwenzako kitini na mizigo yote. Kuzunguka uwanja mara tano ni kuuza sura.

Sasa njia yenyewe. Rali ya kutunza wastani, yaani ya kushika mwendo uliopangiwa, haimpi ushindi aliyefika kwanza. Ukiwahi kituoni unakatwa pointi sawa na aliyechelewa. Wastani wa kilomita 30 kwa saa maana yake dakika 2 kila kilomita, hesabu ambayo hata ukiwa umejaa vumbi unaiweza. Tatizo ni mita yako ya kilomita. Sisi tulifunga mita ya baiskeli, na haikukubaliana na ya waandaaji. Ikisoma 10.2 pale kitabu cha njia kinaposema 10, ukifika kilomita ya 40 umepotea mita 800, yaani zaidi ya dakika moja na nusu. Kwa hiyo irekebishe kwenye kipande cha kupimia kabla saa haijaanza kuhesabu, na upepo wa tairi uwe ule utakaoendea nao.

Ndani ya gari la wazi hamsikilizani, msijidanganye. Mwaka 1955 dereva Mwingereza Stirling Moss aliposhinda Mille Miglia, mbio za barabarani za Italia, msoma njia wake Denis Jenkinson alikuwa na karatasi ndefu iliyoviringishwa kwenye boksi la kuzungusha, na maelekezo alimpa kwa mikono. Tuliiga vyote viwili. Boksi letu ni la mbao, lina vijiti viwili na kioo cha plastiki, na upepo haujawahi kutunyang'anya ukurasa. Goti kugongwa mara moja ni punguza, mara mbili ni simama. Siku ile mdogo wangu alisahau akagonga mara moja na kupiga kelele; bahati tulikuwa tunakwenda polepole.

Na kabla ya yote hayo, waulize waandaaji kama barabara imefungwa. Magari mengi ya namna hii hayana usajili wa kupita barabarani, na bima ni suala la kumaliza mapema, si pale kwenye mstari wa kuanzia.

Tulizitoa zile mbili zilizokatika, tukakaza saba, tukazipita kona zote za kulia kwa mwendo wa kutembea. Tulifika dakika 41 baada ya muda wetu. Watu walikuwa wamejazana kwenye ubao wa matokeo. Mdogo wangu hakwenda huko. Alichukua spana ndogo, akachuchumaa, akaanza kugonga gurudumu la upande wa pili.