Morse inayogonga "tik tik" pembeni ya masafa
Mwendesha redio mwingine akikuambia Morse unayotuma kwa redio inasikika "tik tik" hadi kHz 1 pembeni ya masafa yako, mshukiwa wa kwanza ni kingo za alama, yaani jinsi kila nukta au mstari unavyoanza na kuisha. Alama ikiwaka au kuzimika ndani ya milisekunde 1, nishati hutapakaa pande zote mbili. Kwenye menyu ya redio weka muda wa kupanda na kushuka milisekunde 5 hadi 8. Milisekunde 2 usiitumie kabisa. Bado? Punguza nguvu unayoingiza kwenye amplifaya, maana ALC (udhibiti wa nguvu wa kiotomatiki) ikishtuka huharibu mwanzo wa kila alama. Relei (swichi ya umeme) ya amplifaya nayo lazima ifunge kabla nguvu haijafika, kwa hiyo ongeza ucheleweshaji wa milisekunde 15 hivi. Ila kwanza mlalamikaji azime NB yake (kizuia kelele za mipigo) na aweke atenyueta (kipunguza mawimbi yanayoingia) ya dB 20: "tik" zikitoweka, redio yake ndiyo iliyozidiwa.