Hivi huko angani kuna sheria ya silaha?

SWALI: Mhariri salaam, nasikia mataifa makubwa yanatishiana mpaka angani, hivi hakuna sheria? Na kama ipo mbona wanalipua setilaiti na hakuna anayeshtakiwa?

JIBU: Salaam ndugu msomaji. Sheria ipo ila ina matobo. Mkataba wa Anga za Juu wa 1967, kifungu cha 4, unakataza kuweka silaha za nyuklia na zingine za maangamizi kwenye mzingo wa dunia, yaani njia ya kuizunguka dunia, na mwezini ndo hutakiwi hata kujenga kambi ya jeshi. Sasa silaha za kawaida kwenye mzingo hazijatajwa, wala kombora linalorushwa toka ardhini likapige setilaiti, ndo maana China 2007 ilipoilipua Fengyun-1C, setilaiti yake ya hali ya hewa, ikaacha vipande zaidi ya 3,000, hakuna aliyeitwa mahakamani, mali ni yake bwana! Marekani na India nao wameshafanya. Urusi walipoipiga setilaiti yao Cosmos 1408 mwaka 2021 wanaanga wa kituo cha kimataifa cha anga ilibidi wakimbilie kwenye vyombo vya kurudia duniani wakae tayari kuondoka, na humo walikuwemo Warusi wenyewe.

Urusi na China walipeleka rasimu ya mkataba kwenye mkutano wa kupunguza silaha huko Geneva 2008 kupiga marufuku silaha angani, Marekani ikagoma ikisema haikaguliki na haigusi makombora ya ardhini. Kwenye ukaguzi wana hoja, manake setilaiti yenye mkono wa kumtengeneza mwenzake ni mkono huohuo unaoweza kung'oa antena ya jirani, sasa utaiita fundi au silaha? Mi naona bora ukataze kitendo, kama lile azimio la Umoja wa Mataifa la Desemba 2022 la kuacha majaribio ya kulipua setilaiti kwa makombora, nchi 155 ziliunga mkono, tatizo halimbani mtu kisheria.

Kuhusu kushtakiana, mkataba wa fidia wa 1972 upo. Setilaiti Cosmos 954 ya Urusi ya kisovieti ilidondoka Kanada 1978 na mabaki yenye mionzi, wakalipa dola milioni 3 za Kanada. Ila ile iliangukia ardhini. Kipande kikigonga setilaiti yako hukohuko juu lazima uthibitishe kosa la mwenye nacho, na kipande chenyewe hakina namba ya usajili kama gari.