Tafuta mnunuzi kabla ya kusia mbegu

Barua nyingi nilizopokea zinauliza jambo moja: mazao yapo, fedha haionekani. Najibu chache.

Nyanya zangu huiva wakati majirani wote nao wanavuna, na dalali anataja bei aitakayo. Nifanyeje?

Dalali anajua nyanya iliyoiva haisubiri. Ukimpigia simu matenga yakiwa yamejaa, bei ameishika yeye. Nguvu yako iko kabla ya hapo. Kwanza, usisie mbegu zote siku moja. Zigawe mafungu matatu, uyapishanishe wiki mbili mbili, ili bei ikianguka ikukute na sehemu tu ya zao lako.

Pili, jifunze kuchuma kabla hazijawa nyekundu. Igeuze nyanya uitazame kitako: kijani kikianza kufifia na wekundu hafifu ukajitokeza, imekomaa, nayo itaiva yenyewe njiani au stoo. Hapo umepata siku kadhaa za kuzungumza na mnunuzi wa pili na wa tatu. Ila usiitie kwenye friji. Nyanya mbichi ikikaa kwenye baridi iliyo chini ya nyuzi 10 za Selsiasi haiivi vizuri tena.

Ndizi, embe, papai na parachichi nazo huiva baada ya kuchumwa. Chungwa, nanasi na stroberi hazifanyi hivyo. Ukizichuma mapema umeuza uchachu, na mteja aliyeonja uchachu harudi.

Mboga zangu za majani hukataliwa sokoni, ingawa shambani ni nzuri kabisa. Kosa liko wapi?

Fungua gunia la mboga lililofungwa mchana, uingize mkono hadi katikati. Ni moto! Majani bado yanapumua, na kupumua huko huzalisha joto. Kila nyuzi 10 zinapoongezeka, kasi yake hupanda mara mbili hadi tatu. Yale ya katikati yanajipika yenyewe. Vuna alfajiri, weka kivulini mara moja, tumia kreti zenye matundu, usishindilie. Najua kreti ni ghali kuliko gunia, lakini hesabu pia mafungu unayoyatupa kila safari.

Hoteli inataka nipeleke mboga kila wiki. Nina robo ekari. Nikubali?

Kubali, lakini ahidi pungufu ya unachoweza. Kama una uhakika wa kilo 40, ahidi 25, na zinazobaki uuze kwingine. Hoteli husamehe bei kuliko inavyosamehe siku ya kukosa mboga.

Kabla ya kukubaliana, uliza na uandike mambo matatu: mboga ya daraja gani inapokelewa, hasara ya zinazokataliwa inabebwa na nani, na malipo yanatoka baada ya siku ngapi. La tatu ndilo linalowaangusha wakulima wadogo. Mnunuzi akilipa baada ya siku 30, wewe unahitaji akiba ya mbegu, maji na vibarua kwa mwezi mzima bila kupokea hata senti. Usipokuwa nayo, omba kulipwa kila wiki hata kwa bei ya chini kidogo. Mimi ningechagua hivyo.

Nianze kukausha nyanya zisizouzika?

Zenye umbo baya, ndiyo. Zilizooza, hapana. Nyanya ni maji kwa takriban asilimia 95, kwa hiyo kilo 20 hukupa kilo moja hivi ya kavu. Kilo hiyo isipopata mnunuzi wa kulipa zaidi ya zile 20 mbichi pamoja na kazi yako, acha.

Sisi wakulima kumi tunaota soko la nje ya nchi. Tuanzie wapi?

Kwenye daftari. Wanunuzi wengi wa Ulaya hudai cheti cha GLOBALG.A.P., mfumo wa viwango vya kilimo bora na salama ulioanza mwaka 1997 kwa jina la EUREPGAP, na kikundi kinaweza kukaguliwa pamoja na kugawana gharama. Lakini kikundi hubeba pia kosa la mmoja: mwenzenu akivuna kabla ya siku za kungoja zilizoandikwa kwenye chupa ya dawa, shehena yote inaweza kukataliwa. Basi kila mmoja aandike jina la dawa, kipimo, tarehe ya kupuliza na tarehe ya kuvuna. Chagueni mtu mmoja wa kukagua madaftari yote kila wiki, na msimu huu wa kwanza uzeni hapo hapo nyumbani huku mkiyazoea.