Mwanangu, kuhusu shemeji yako na hoki ya barafuni

Mwanangu,

Salamu zako nimezipata, na karatasi ya takwimu pamoja na video za mechi nne zimefika salama. Umeniuliza kuhusu mdogo wa mumeo: winga wa kushoto, miaka 17, sentimita 179, kilo 74, aliyemaliza msimu wa J20 Nationell, ligi ya Uswidi ya vijana wa chini ya miaka 20, na mabao 17 na asisti 19 katika mechi 38. Je, hoki itamlisha? Na wakwe zako wasaini mkataba wa kumpandisha timu ya wakubwa ya klabu yake katika SHL, ligi kuu ya Uswidi, au akubaliwe kwenda kwa mkopo ligi ya chini yake?

Naona riziki ya hoki anaweza kuipata Ulaya. Kuhusu NHL, ile ligi kubwa ya Marekani na Kanada, hakuna ushahidi bado, wala hautapatikana J20 hata akifunga mabao 40. Mkataba wasaini, ila wenye mlango wa mkopo.

Nianze na tarehe ya kuzaliwa, maana hapo nyumbani kwa mumeo wamekosea hesabu. Ili kijana aingie kwenye drafti ya NHL, yaani siku klabu zinapochagua vijana kwa zamu, lazima awe ametimiza miaka 18 ifikapo tarehe 15 Septemba ya mwaka huo. Shemeji yako ni wa Novemba. Drafti ya Juni hii haimhusu hata kidogo. Yake ni ya mwakani. Waambie waache kuwapigia mawakala simu usiku. Hoki ya watoto Uswidi hupangwa kwa mwaka wa kalenda, kwa hiyo mtoto wa Novemba amekua akicheza na wenzake waliomzidi miezi kumi, na wengi wa namna yake huachwa njiani na makocha wanaodhani ukubwa ni kipaji. Yeye hakuachwa, na hilo ni jambo zuri. Lakini kwenye drafti mambo yanageuka: huko atakuwa miongoni mwa wakubwa kwa umri, na kila pointi yake itapimwa kwa ukali zaidi. Tazama klabu ya Djurgården msimu wa 2024–25, wakiwa HockeyAllsvenskan, ligi ya pili ya Uswidi. Victor Eklund, wa Oktoba 2006, alipata pointi 31 katika mechi 42. Anton Frondell, wa Mei 2007, alipata 25 katika mechi 29. Drafti moja, klabu moja: Frondell akachaguliwa wa 3 na Chicago, Eklund wa 16 na New York Islanders. Umri haukuwa sababu pekee, Frondell pia ana mwili mkubwa zaidi, ila miezi saba katika rika hilo huhesabiwa.

Sasa hizo pointi 36. Kumbuka kwamba katika hoki bao moja linaweza kuzaa asisti mbili, ya aliyetoa pasi ya mwisho na ya aliyempasia huyo. Nimezipanga upya kutoka karatasi yako. Katika mabao 17, saba yalifungwa mpinzani akiwa na mtu kwenye benchi la adhabu, na mawili goli likiwa tupu, kipa ameshatolewa. Yamebaki manane. Katika asisti 19, tisa ni za wakati wa adhabu. Katika zile kumi nyingine, nne tu ndizo pasi za mwisho. Jumla ni pointi 12 alizozichuma watano kwa watano, timu zote zikiwa kamili, kwa mkono wake mwenyewe. Tena mabao 17 hayo yametoka kwenye mashuti 85, yaani asilimia 20. Washambuliaji wengi huzungukia asilimia 10 hadi 12. Kuna wachache wenye mkono wa ajabu wanaokaa juu ya hapo miaka yote, lakini kwa kijana wa J20 mimi huweka ziada kwenye hesabu ya bahati mpaka aonyeshe vinginevyo. Kwa mashuti hayohayo mwakani angeweza kufunga kumi, na watu wakasema amepoteza makali, kumbe hakuna kilichobadilika.

Ligi nazo hazilingani. Kwa makadirio ya wachambuzi, pointi moja ya SHL ina uzito wa kama nusu ya pointi ya NHL au zaidi kidogo, ya HockeyAllsvenskan kama theluthi, na ya J20 karibu sehemu ya kumi tu. Ni makadirio, yasikukoseshe usingizi, lakini yanakuonyesha kwa nini skauti, mtafuta vipaji wa klabu, hasisimki na J20.

Hata pointi za ligi ya wakubwa zinadanganya usipouliza dakika. Msimu wa 2019–20 Alexander Holtz alipata pointi 16 katika mechi 35 za SHL akiwa Djurgården. Lucas Raymond wa Frölunda alipata 10 katika mechi 33, akiwa kwenye kikosi kilichojaa nyota na akipewa dakika chache. Detroit walimchukua Raymond wa 4, New Jersey wakamchukua Holtz wa 7. Raymond akaingia NHL 2021–22 na kupata pointi 57 msimu wake wa kwanza. Holtz bado alikuwa akitafuta nafasi ya kudumu alipouzwa Vegas 2024. Waliomweka Raymond mbele walikuwa wanatazama alichofanya na paki, kile kisahani kinachochezewa, kila ilipomfikia, pamoja na alichofanya bila paki.

Na wewe fanya hivyohivyo. Ukienda uwanjani kaa juu, usawa wa mstari wa katikati, usifuate paki. Mtazame yeye tu, tangu anapoingia barafuni mpaka anaporudi benchi. Zamu moja ni sekunde 40 hadi 50, na winga wa safu ya kwanza hupata zamu ishirini na kitu kwa mechi. Chukua daftari uandike mambo manne: kwanza, akipokea paki ukutani katika eneo lake, je, imetoka; pili, ameingia eneo la wapinzani akiikokota, au ameirusha ndani na kuikimbilia; tatu, paki iliyolegea kaipata nani; na nne, mashambulizi yakigeuka, amesimama au amezunguka.

Hilo la kwanza ndilo litakaloamua maisha yake. Beki wake anapiga paki kupitia ukutani, yeye amesimama pale kuipokea, na beki wa wapinzani anamjia mbio kutoka mbele. J20 ana kama sekunde moja. Kwa wakubwa ana nusu yake. Winga aliyekomaa hutazama juu ya bega mara mbili kabla paki haijafika, anajua senta wake, mshambuliaji wa kati, yuko wapi, anaigusa mara moja tu na imeshaondoka. Katika video zako nimehesabu matukio 31. Mara 19 paki ilitoka, mara 12 ilibaki ndani, na kati ya hizo 12, nane zilitokana na kosa lilelile: amegeuza mgongo, macho kwenye paki, hajui nani anakuja. Kocha wa wakubwa humvumilia kijana asiyefunga. Asiyeitoa paki ukutani atamkalisha benchi kabla ya kipindi cha pili, na hatamweleza kwa nini. Uzuri ni kwamba jambo hili hufundishika. Dakika 15 baada ya mazoezi, mara tatu kwa wiki, mtu anampigia paki kupitia ukutani, mwingine nyuma yake anainua vidole, na yeye lazima ataje idadi ya vidole kabla hajaigusa.

La nne pia linanitia wasiwasi. Akipoteza paki mbele, anachora duara pana kurudi, hasimami kwa makali ya viatu akaondoka upya. Duara hilo linamgharimu mita tatu au nne. Kwa vijana mbio zake humrudishia. Kwa watu wazima, aliyempita ameshapiga shuti.

Mazuri yapo, tena ya kudumu. Hatua zake tatu za kwanza ni kali, magoti yamekunjwa sawasawa, haanzi kwa kuinuka. Mabao yake sita kati ya yale manane ameyafunga mbele ya goli kabisa, penye fimbo za kiuno na viwiko. Usiyadharau. Viwanja vya Uswidi vingi vina upana wa mita 30, vya NHL karibu mita 26, na anayezoea kufunga kutoka pembeni kwa sababu ana nafasi ya kuzunguka hujikuta hana pa kuzungukia. Njia ya mbele ya goli ni fupi vilevile popote.

Kilo 74 zisiwape presha. Elias Pettersson alikuwa mwembamba wa kuonewa huruma, akapata pointi 41 katika mechi 43 na Timrå kwenye HockeyAllsvenskan, na mwaka uliofuata, 2017–18, akaweka rekodi ya SHL kwa mchezaji chini ya miaka 20: pointi 56 katika mechi 44 akiwa Växjö. Shemeji yako aongeze kilo tatu kiangazi hiki, za miguu na kiuno. Vijana wanaorudi Agosti na kilo nane za kifua hupoteza zile hatua tatu, na kwa umbo lake hizo ndizo mtaji.

Turudi kwenye mkataba. Kupandishwa SHL kunasikika vizuri kwenye simu ya mama mkwe wako. Kwa vitendo ataitwa mshambuliaji wa kumi na tatu: dakika tatu leo, kesho jukwaani, na J20 iko ugenini wikiendi hiyohiyo kwa hiyo huko nako hakucheza. Wengi hupotea hivyo, na wanapofika 20 J20 imewafungia mlango. Kwa hiyo wasaini, lakini iandikwe kwamba asipofikisha dakika nane kwa mechi ifikapo mwisho wa Oktoba, aruhusiwe kwenda kwa mkopo HockeyAllsvenskan. Wakati wa mkopo aendelee kufanya mazoezi na klabu mama angalau mara moja kwa wiki, na timu ya mkopo iwe umbali ambao hautamtoa shuleni, kwani amebakiza mwaka mmoja wa gymnasium, sekondari ya juu, ya hoki. Maneno ya kocha mdomoni hayahesabiki. Kocha hufukuzwa Novemba. Kama hakuna klabu ya HockeyAllsvenskan inayomtaka, basi Hockeyettan, ligi ya tatu, ilimradi acheze na watu wazima. Kanada wanayoitaja sioni faida yake sasa, ligi ya vijana ya huko ni vijana tena.

Mhukumu baada ya mechi 20 za wakubwa. Napenda kuona dakika 12 au zaidi, mashuti mawili kwa mechi, na paki za ukutani zikitoka mara tatu kati ya nne. Pointi moja kila mechi tatu itatosha kabisa. Jesper Bratt alikuwa kwenye kiwango hicho na klabu ya AIK 2015–16, pointi 17 katika mechi 48, akachaguliwa wa 162, sentimita 178, karibu sawa na shemeji yako. Msimu wa 2024–25 alipata pointi 88 NHL. Drafti ikimpita hajafa. Henrik Zetterberg alichaguliwa wa 210 mwaka 1999, Daniel Alfredsson wa 133 mwaka 1994 akiwa na miaka 21. Na mwenzetu Johnny Oduya, ambaye baba yake ni Mkenya, alichaguliwa wa 221 mwaka 2001, akaingia NHL 2006, akatwaa Stanley Cup, kombe la ubingwa wa NHL, na Chicago 2013 na 2015. Huyo ni beki, najua, na mabeki huiva pole pole zaidi.

Ila wakwe zako wajue pia idadi ya viti. SHL ina klabu 14, kila moja na washambuliaji 12 au 13 kwa mechi, na sehemu kubwa ya viti hivyo inakaliwa na Wafini, Wakanada na Waswidi waliorudi kutoka ng'ambo. HockeyAllsvenskan ina klabu 14 nyingine. Hapo ndipo ninapomwona akiwa na miaka 22, na mshahara wa kawaida, na pengine Denmaki au Ujerumani baadaye. SHL ikiwa atarekebisha ule mgongo ukutani.

Nitumie mechi mbili za ugenini kabla ya Krismasi, za kamera ya juu, zile za televisheni zinafuata paki na mimi simwoni. Mkwe wangu msalimie, na hao wazee wake.

Mama yako