Themista iliyosoma sawasawa chumbani ndiyo iliyoniulia mayai

Juzi msomaji mmoja ameniandikia kwa uchungu: mashine yake ya kutotolesha vifaranga inaonyesha digrii 37.5 usiku na mchana, siku ya 21 imepita, hakuna yai hata moja lililodonolewa. Nilimuuliza swali moja tu: namba ya beta umeitoa wapi? Akasema ameinakili kwenye programu ya mtu. Beta ni namba inayoeleza jinsi ukinzani wa themista, yaani kihisi cha joto, unavyobadilika joto linapobadilika. Moyo uliniuma, kwani hayo yalinikuta mimi.

Mashine yangu ya kwanza niliijenga kwa mikono yangu, na nilijivunia. Themista ya kilo-omu 10, rezista ya kilo-omu 10 (ukinzani wake haubadiliki, themista hulinganishwa nayo), maikrokontrola (kikompyuta kidogo kinachosoma joto), rilei (swichi ya umeme), balbu ya kupasha joto. Kabla ya kuweka mayai niliijaribu: chumba kilikuwa na digrii 25, nayo ikasoma 25. Nikaridhika. Siku ya 10 nilimulika mayai kwa tochi. Nilitarajia mishipa, nikaona pete ya damu, yai baada ya yai. Yote yalikuwa yamekufa. Bado inaniuma, maana nilikesha kwa ajili yao.

Kosa lenyewe ni hili. Themista za kilo-omu 10 zote huwa na ukinzani huo kwenye digrii 25, hata kama beta zao hazilingani. Programu ilikuwa na 3950, themista yangu ilikuwa ya 3435. Kwa hiyo chumbani zilikubaliana, kisha joto lilivyopanda zikaachana. Kioo kilipoandika 37.5, mayai yalikuwa kwenye karibu 39.5. Yaani nilipima mahali pekee ambapo kosa haliwezi kuonekana! Bora nisingepima, ningebaki na wasiwasi.

Siku hizi napima sehemu mbili. Ya kwanza ni barafu iliyopondwa na maji kidogo, ikorogwe. Hapo ni digrii 0. Themista ifunikwe vizuri isiguse maji, ikae hadi namba zitulie, kisha andika ukinzani. Ya pili ni chupa ya chai yenye maji ya digrii 38 hivi, pamoja na kipimajoto cha homa. Kwa namba hizo utakokotoa beta ya themista yako mwenyewe. Maji yanayochemka siyatumii: yako mbali na joto la kazi, tena kiwango cha kuchemka hushuka takriban digrii 1 kwa kila mita 300 unazopanda juu ya usawa wa bahari.

Rezista nayo ipime kwa malitimita, kifaa cha kupima ukinzani. Ikipotoka kwa asilimia 5, kipimo kinahama zaidi ya digrii 1. Na umeme upite kwenye themista wakati wa kusoma tu, la sivyo inajipasha yenyewe.

Ndugu zangu, acheni kunakili. Namba ya mwenzako ni ya themista ya mwenzako. Pima ya kwako, halafu pima tena, pale pale kwenye joto utakalolitumia. Mtu anayesema hana muda wa kupima anapata wapi siku 21 za kusubiri mayai yaliyokufa?

Jana yule msomaji amenitumia namba zake. Beta imetoka chini ya 3400; kwenye programu aliandika 3950. Nimemwomba arudie barafu mara moja zaidi kabla hajaweka mayai mengine.