Saratani si mdudu kutoka nje

Dada, umeuliza kama saratani ni mdudu anayeingia mwilini. Hapana, ni seli zako mwenyewe. Juzi nilijikata kidole nikipaa samaki niliyemnunua soko la Feri. Seli za pembeni mwa kidonda zikagawanyika, moja ikawa mbili, mbili zikawa nne, kilipofunga, zikaacha. Huko kuacha ndiko muhimu. Kabla ya kugawanyika, seli hunakili DNA yake yote, yaani maelekezo yake ya urithi, na protini kama p53 husimama mlangoni: kukiwa na kasoro, seli inazuiwa mpaka irekebishwe, ikishindikana inajiua. Jeni za ulinzi huo, yaani vipande vya DNA vinavyouongoza, zikiharibika, moja leo, nyingine baada ya miaka, seli huzaana tu bila breki.

Ila hukukosea moja kwa moja, maana kuna saratani zinazochochewa na virusi kutoka nje. Kirusi cha HPV, chanzo cha karibu saratani zote za shingo ya kizazi, hutengeneza protini inayosababisha p53 ivunjwe. Chanjo yake ilianza kutolewa Tanzania nzima 2018, na wasichana wa miaka 9 hadi 14 huchanjwa bure. Umesema binti yako ana miaka 11. Mpeleke kituo cha afya wiki hii, tafadhali.