Makala yangu imekwama kwa wahakiki

Barua nyingi za safari hii zimetoka kwa wanaosubiri majibu ya majarida ya kitaaluma. Nimejibu nne.

*Mwalimu, shikamoo. Nimetafiti kilimo cha mwani Paje, nikapeleka makala kwenye jarida la nje. Huu mwezi wa tisa, kila nikifungua akaunti naona maneno yale yale: "inahakikiwa". Nikimwandikia mhariri nitaonekana sina adabu? (Mwanafunzi wa uzamili, Tunguu)*

Marahaba, mwanangu. Uliza, ni haki yako. Wengi hudhani makala iko mezani kwa mtu anayeisoma polepole, kumbe mara nyingi haijafunguliwa. Mhariri huwaandikia wataalamu waisome na kuipima, hao ndio wahakiki: wa kwanza hajibu, wa pili anakataa, wa tatu anakubali kisha anazama kwenye kusahihisha mitihani. Na kazi hiyo kwa kawaida hawalipwi. Makala yangu kuhusu majina ya mitego ya wavuvi wa Kojani ilikaa miezi 14 kwenye jarida moja. Nilipouliza, nikaambiwa mhakiki alikataa tangu mwezi wa kwanza na hakutafutwa mwengine. Barua yangu ya mistari mitatu ndiyo iliyoizindua. Hadi leo inaniuma kwamba sikuiandika mwezi wa nne.

Weka namba ya makala na tarehe uliyoiwasilisha, kisha andika: "Naomba kujua makala imefikia hatua gani, na kama wahakiki wamepatikana. Mkihitaji majina, niko tayari kupendekeza." Sentensi ya mwisho usiiache. Mwani unalimwa Paje tangu 1989 na wajuzi wake wapo katika ukanda wetu huu wa bahari, lakini mhariri aliye Ulaya huenda hawajui. Katika majina hayo usimtaje msimamizi wako wala uliyeandika naye.

*Niipeleke na kwa jarida la pili, litakalotangulia ndilo langu? (Chake Chake)*

Hapana. Karibu majarida yote yanakataza, na wahakiki wa fani moja ni wachache. Mtu mmoja anaweza kuletewa makala hiyo hiyo mara mbili. Ukichoka, waandikie kwamba unaiondoa, subiri wathibitishe kwa maandishi, ndipo uende kwengine.

*Nimeandikiwa kwamba nikilipa, makala itatoka ndani ya siku saba. Nataka kupanda cheo mwaka huu. (Mhadhiri msaidizi, Wete)*

Ndugu yangu, usilipe. Ada peke yake si dalili ya ulaghai, maana yapo majarida ya heshima yanayotoza. Siku saba ndizo zinazonitisha: hapo hakuna atakayeisoma. Mwaka 2013 mwandishi wa habari za sayansi, John Bohannon, alieleza katika jarida la Science jinsi alivyotunga utafiti wa uongo kuhusu dawa ya saratani, wenye makosa ya wazi, akaupeleka kwa majarida 304. Zaidi ya nusu yaliukubali. Kazi yako ya miaka ikishachapishwa pahala kama hapo, jarida zuri halitaipokea tena. Angalia kwanza kama jarida limo kwenye DOAJ, orodha ya mtandaoni ya majarida yanayosomwa bure, kisha soma makala zake mbili tatu kwa macho yako.

*Nimeombwa kuhakiki makala, lakini sina nafasi hadi mwisho wa muhula. Nifanyeje? (Unguja Mjini)*

Jibu leo, kabla hujalala. Ukikataa leo, mhariri kesho anatafuta mwengine. Ukinyamaza, unamla mwenzio miezi miwili. Mstari mmoja unatosha, na chini yake taja majina mawili ya wanaoijua mada hiyo.